Ua la Asmahani Chumbani mwa Bwana Meneja

Kitasa kilizunguka!

Hapo ndipo tulipoachana katika gazeti la Jumamosi, na najua wako walioniapiza njia nzima kutoka Ngamiani hadi Mabawa. Haya, tuingie.

Sadalla Idarusi, mchonga chapa za kupigia maua, mtu wa Mabawa, amesimama chumba cha kulala cha Bwana Meneja wa shamba la mkonge, nyumba ile kubwa ya Raskazone. Mkono mmoja umeshika mkasi. Mkono wa pili umelikumbatia pazia la dirishani. Hakuitwa, hakubisha hodi. Aliingia kwa mlango wa jikoni kama paka.

Na pazia analotaka kulikata alilichapa yeye mwenyewe.

Kama gazeti la juma lililopita lilikwisha kufungiwa maandazi hujalisoma, shika haya machache. Semeni, marehemu mke wa Sadalla, alikuwa mchora piko. Kila bibi harusi alimtungia ua lake, na ua la mtu hapewi mwingine maadamu mwenyewe yu hai. Huchorwa mikononi na miguuni, kisha likatiwa kwenye shuka na mito ya chumba cha harusi. Mwanamke wa mjini akiingia chumba akaliona ua, hahitaji kuuliza. Ajua kitanda hiki ni cha fulani binti fulani. Wanaume hawayajui hayo. Wao waona ua tu.

Ilipofika harusi ya Asmahani, binti yao wa pekee, Semeni alikuwa kitandani, mkono watetemeka, kijiti cha piko hakishikiki. Akamwambia mumewe, "Nichongee kwenye kibao, tumpige kama muhuri." Sadalla akachonga ua la kilua, la majani matatu, kikonyo kimejikunja kikajifunga kifundo. Fungate haijaisha, Semeni akazidiwa. Gari la wagonjwa siku ile lilikuwa limechukuliwa kubebea viti vya karamu ya wakubwa.

Viti vilifika salama. Semeni hakufika.

Kibao kile, harusi ikisha, desturi yake ni kuchomwa. Sadalla alikataa mbele ya wanawake wote, "Kazi ya mwisho ya mke wangu siitii moto!" Akakiweka rafuni. Akaja Memsahibu, mke wa Bwana Meneja, kutafuta ua la karatasi za ukutani na mapazia. Akaonyeshwa maua ya kila namna, akayapita yote, akakinyakua kibao kile. Na Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali mwenye amri ya viwanja, alikwisha kumwambia Sadalla kwamba Memsahibu akiridhika kibanda chake cha kazi kitabaki, na asiporidhika kiwanja kina kazi nyingine.

Mtu afanye nini? Sadalla alichapa. Alijiambia ukuta si mkono.

Leo asubuhi Kijakazi, mwanamke anayefua na kupiga pasi nyumba ile, alimjia mbio, ushungi umemwanguka. "Kaka Sadalla, umemuua mwanao! Leo baada ya alasiri Memsahibu awaandalia chai wanawake wa mjini, na chumba watatembezwa. Mwanamkasi yumo!"

Mwanamkasi ni mama mkwe wa Asmahani. Akiliona ua la mkwewe juu ya kitanda cha mwanamume mwingine, hata awe nani, hiyo ni talaka isiyo na rejea.

Sasa umeelewa mkasi ule ulikuwa wa nini.

Mlango ukafunguka.

Aliyeingia alikuwa Eliudi, mpishi, Mshambaa wa milimani, Mlutheri wa kufa, unga wa keki umemjaa mpaka nyusi.

"Shikamoo mzee," alisema, maana adabu ni adabu hata mbele ya mwizi.

"Marahaba."

"Sasa mzee wangu, waiba?"

"Siibi. Nachukua changu."

"Hivyo ndivyo wasemavyo wezi wote, hasa wale wa ofisini." Eliudi aliufunga mlango kwa kisigino. "Nipe huo mkasi kabla hujanifukuzisha kazi."

Sadalla alimwambia yote, maneno yakigongana mdomoni. Eliudi alisikiliza akijikuna shingo.

"Kwetu milimani ua ni ua," alisema. "Lakini mama mkwe ni mama mkwe popote. Haya, kata mapazia. Nitasema wameyala panya. Na ukuta je? Utaukata kwa mkasi huo huo?"

Sadalla aligeuka.

Ukuta ulimtazama. Kutoka darini hadi sakafuni, kilua juu ya kilua, kifundo juu ya kifundo, jina la mwanawe limeandikwa bila herufi. Alikimbilia kona akaitia ukucha. Akavuta. Karatasi haikubanduka hata kiasi cha utando wa kitunguu. Aliigandisha mwenyewe kwa uji wa ngano uliotiwa mrututu mende wasiutafune, akaipangusa kwa kitambaa mpaka ikawa ngozi moja na ukuta.

Siku hiyo Sadalla alijutia kuwa fundi mzuri.

"Niitie moto nyumba hii," alinong'ona.

"Subiri keki yangu itoke kwanza," Eliudi alisema.

Ko! Ko! Ko! Visigino ukumbini. Hakuna mwanamke mwingine nyumba ile mwenye visigino.

"Wewe nafanya nini hapa?" Memsahibu alisimama mlangoni, nywele zimefungwa vyuma vya kuzikunja. "Kwa nini iko na mkasi?"

Sadalla alijaribu njia nyofu, kwa kuwa alikuwa amechoka na zilizopinda.

"Memsahibu, ua hili lina mwenyewe."

"Ndiyo. Mwenyewe iko mimi. Mimi nalipa."

"Ni la mtoto wangu, Memsahibu. Kwetu sisi—"

"Mtoto yako nachora mzuri sana! Wewe sema yeye asante. Sasa toka."

Ndivyo walivyo hawa waliokalia viti. Ukiwaambia umekatwa mguu, watakusifu kwa kiatu.

Sadalla alifungua kinywa tena, na pengine mambo yangeharibika hapo hapo, lakini Eliudi aliingilia, sauti tamu kama anapakua pudini.

"Memsahibu, fundi anasema ua halijaisha. Bado rangi ya pili."

"Rangi ya pili?"

"Ndiyo, Memsahibu. Hili ni la kwanza tu, la chini. La juu bado. Alikuwa anangoja likauke."

Memsahibu alitazama ukuta, akamtazama Sadalla, akatazama saa yake. "Kwa nini hapana sema zamani? Wageni nakuja leo! Wewe maliza upesi. Kama iko mbaya, mimi nasema kwa Bwana Shauri." Ko, ko, ko, akaenda zake.

"Eliudi, umenichinja."

"Nimekupa nafasi, mzee. Wa kukuchinja yuaja na buibui."

Rangi ya pili! Chapa ya mti huchongwa kwa subira, na subira nyumba ile haikuwako. Kibao laini kiko Mabawa, patasi ziko Mabawa, na jua limekwisha kupinda.

"Una nini jikoni kigumu lakini chakatika?" Sadalla aliuliza.

"Viazi vya wazungu."

"Vina maji, vitavuja."

"Basi muhogo. Chakula changu mwenyewe, hao hawaujui."

"Lete! Na kisu chako kikali kuliko vyote. Na masizi."

"Masizi?" Eliudi alicheka mara moja kama mtu aliyekanyagwa. "Miaka yote Memsahibu anigombeza kwa sufuria zangu. Leo masizi yamepata kazi!"

Kijakazi alileta wanga, ule wa kunyooshea mashati ya Bwana. Sadalla akakoroga masizi na wanga mpaka yakashika kama lami ya barabara za wakubwa, zile zinazoishia mlangoni kwao. Akaukata muhogo sehemu mbili, akakaa sakafuni kifundo cha Semeni kikimtazama.

Achonge nini? Lazima lifunike majani matatu. Lazima lizibe kifundo. Kila alichokifikiria kilikuwa kifupi mno au chembamba mno. Kisu kikaanza chenyewe. Jani refu lenye ncha. Jani jingine. Mengine kulia, mengine kushoto, yote yametoka shina moja kama mikuki.

Eliudi aliinamia begani. "Mzee... huo si mkonge?"

Sadalla alisimamisha kisu.

Ulikuwa mkonge. Mmea ule ule uliolichimba kaburi la baba yake kibarua, na kumjengea Bwana Meneja nyumba yenye vyumba visivyolaliwa.

"Chora kingine," Kijakazi alisema.

"Sina kingine. Shika taa, ubavuni mwa kabati pana giza."

Alichovya. Akauweka muhogo juu ya kilua cha kwanza. Akafumba macho. Akapiga kwa kiganja, pa!

Alipoutoa, kilua hakikuwapo tena. Palikuwa na kichaka cha mkonge, cheusi, cha miiba, na kwa chini kabisa rangi ya Semeni ikichungulia kama aliyefukiwa angali anapumua.

"Nisamehe, mama watoto," alisema. Akachovya tena.

Pa! Pa! Pa!

Kijakazi alikwisha kuyashusha mapazia akayatandaza kwenye meza ya pasi aliyoiburuta humo chumbani, naye apiga kwa nusu ya pili ya muhogo. Machozi yalimdondokea mpaka kwenye wanga.

"Wamlia nani?" Sadalla aliuliza bila kugeuka. "Hujapata kulia hivyo hata matangani."

"Matangani tulimzika mwili," Kijakazi alisema. "Leo twamzika yeye."

Sadalla alichovya tena. Kuna maneno ambayo ukiyajibu mkono unasimama, na mkono wa Sadalla haukuwa na ruhusa ya kusimama. Muhogo wa kwanza ulilainika, akachonga wa pili. Adhana ya alasiri ilisikika mbali, kutoka upande wa mjini. Hakuwa ameswali hata adhuhuri. Aliomba msamaha kwa midomo tu, akapiga.

Ikabaki kona ya kabati. Wakati wa kubandika, karatasi zilikuwa zimepungua, lori lililokuwa likileta nyingine kutoka Mombasa limekwama Horohoro, na Memsahibu akasema nyuma ya kabati isibandikwe, nani ataona? Kwa hiyo Sadalla hakupata hata kulisogeza. Leo alitaka kufikia ukingo.

"Eliudi, sukuma kidogo."

Kabati lilikwaruza sakafu. Taa ya Kijakazi ikamulika chokaa tupu.

Chokaa haikuwa tupu.

Kilua! Kimoja, peke yake, usawa wa kifua cha mwanamke. Majani matatu. Kikonyo kimejikunja, kimefunga kifundo.

Hili halikupigwa chapa. Lilichorwa kwa mkono, kwa kijiti, kwa piko. Kikonyo kimevutwa mara moja tu tangu mwanzo hadi kifundo, bila kijiti kuinuliwa. Duniani palipata kuwa na mikono ya watu wawili iliyojua kuvuta hivyo. Mmoja umo ardhini. Wa pili ni wa binti yake, aliyefundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya ukubwani.

Sadalla alipitisha kidole. Vumbi. Buibui amekwisha kutanda juu yake. Ua lilikuwa la siku nyingi, la kabla yeye hajaleta karatasi, kabla Memsahibu hajafika kibandani!

Basi Asmahani aliingia chumba hiki. Na Memsahibu alilijua ua lile kabla hajalishika rafuni.

"Kijakazi," sauti haikuwa yake, "nani ameingia humu?"

"Mimi nafua tu, kaka."

"Kijakazi!"

"Nafua, naanika, napiga pasi," alisema, macho kwenye ncha za vidole vyake. "Sijaulizwa siku zote hizo, usiniulize leo."

Sadalla aliuinua muhogo. Pigo moja na jambo limekwisha. Lakini mstari ule ulikuwa wa Semeni, mkono wa mama umetokea kwenye mkono wa mwana, wa mwisho uliobaki nyumba nzima. Mkono ukashuka wenyewe.

"Rudisheni kabati," alisema.

Mapazia yalipandishwa mabichi. Memsahibu akaingia, nywele zimefunguliwa, akaona ukuta, akapiga makofi kama mtoto.

"Oh! Mkonge! Bwana yangu nafurahi sana! Wewe fundi mzuri kabisa, mimi nasema kwa Bwana Shauri!"

Kumbe ilikuwa imekwisha! Kibanda kimepona, Asmahani amepona. Sadalla alishika ukingo wa kitanda, akaondoa mkono haraka kabla hajakitia masizi.

"Sasa mimi naonyesha wewe kitu," Memsahibu alisema. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kitambaa cha kupangusia mikono, kimekunjwa vizuri, kimeshonwa upindo. "Nguo ya pazia ilibaki, mimi nashonesha hii. Kila mgeni napata moja. Zawadi!"

Kilua katikati ya kitambaa. Kisafi. Hakina mkonge.

"Viko wapi vingine, Memsahibu?"

"Uweso napeleka asubuhi, nyumba kwa nyumba, na barua ya karibu."

Uweso! Dereva wa nyumba ile, mume wa Asmahani, mwana wa Mwanamkasi. Amekibeba kifurushi mwenyewe, kimefungwa karatasi na utepe, akakiweka mikononi mwa mama yake!

Honi ililia nje. Wageni wamefika.

Harufu ya udi ilitangulia, kisha sauti. Mwanamume hakai chumba wanachoingia wake za watu. Sadalla alitokea kwa mlango wa vioo unaokwenda baraza ya nyuma, akavuta pazia nyuma yake, akasimama. Angeweza kwenda zake. Njia ilikuwa wazi mpaka Mabawa. Lakini miguu ya mzazi haitoki mahali jina la mwanawe litakapotajwa.

Waliingia wakashangaa. "Mashallah!" "Hebu tazama!" "Mkonge ukutani? Kwani kule shambani hauwatoshi?" Wakacheka chini ya buibui. Memsahibu hakufahamu, naye akacheka.

Katikati ya kicheko, mtu mmoja hakucheka. Sadalla alimjua kwa ukimya wake. Mwanamkasi akipiga kelele watu hutulia roho. Akinyamaza ndipo hutafuta pa kupita.

"Memsahibu!" Eliudi aliita kutoka ukumbini. "Keki tayari, na chai yapoa!"

Mungu ambariki Mlutheri yule. Vishindo vikatoka kwa pamoja. Mlango ukafungwa.

Lakini si wote waliotoka.

"Kijakazi, baki," Mwanamkasi alisema. "Na wewe Asmahani, mwanangu, sogea hapa kwenye mwanga."

Asmahani! Amekuja naye! Sadalla alibana jicho kwenye upenyo wa pazia. Binti yake alisimama katikati ya chumba, uso wazi, mdogo kuliko alivyomkumbuka.

Mwanamkasi alitoa kitambaa chini ya buibui, akakikunjua, akakiweka ukutani ubavuni mwa mkonge mmoja. Alitazama kitambaa. Akatazama ukuta. Akatia kidole juu ya mkonge, akakiinua.

Cheusi. Kilikuwa kinang'aa. Wanga haukuwahi kukauka kwa ule unyevu wa bahari!

"Masizi," alisema polepole. "Mabichi. Kijakazi, hebu nieleze mimi mjinga. Ua likiwa halina neno, lapakwa masizi ya nini saa ile ile ninayoingia mimi?"

"Ni... rangi ya pili, dada."

"Rangi ya pili. Na ya tatu mtaitia usoni mwangu?" Hakupandisha sauti. "Ningelikuta ua wazi ukutani, ningesema baba mtu ni mpumbavu, kauza asichokijua. Upumbavu husamehewa. Lakini aliyeficha alijua. Na aficha jambo kwa kuwa lipo."

Msomaji wangu, hapo ndipo Sadalla alipofahamu alichokifanya. Jasho lake lote la mchana, muhogo wote, Semeni aliyezikwa mara ya pili, vyote vimegeuka ushahidi juu ya mwanawe!

Hakuweza tena. "Mwanamkasi!" alisema nyuma ya pazia. "Kosa ni langu mimi—"

"Nyamaza, Sadalla. Tangu naingia nayaona makubadhi yako chini ya pazia. Nimemleta mwanao nimuulize yeye. Ningekutaka wewe ningekwenda Mabawa."

Vikombe vikalia mbali ukumbini.

"Asmahani. Nilikuchukua kwa mama yako kwa mikono miwili. Sijakupiga, sijakunyima. Nijibu neno moja. Umewahi kuingia chumba hiki kabla ya leo?"

Sema hapana, mwanangu! Kabati limerudishwa, hakuna aonaye. Sema hapana, nami nitachukua yote, watanifunga, watavunja kibanda, sema tu hapana! Sadalla alilishika pazia kwa mikono yote miwili, masizi juu ya masizi.

Asmahani aliinua uso.

"Nimewahi, mama."

Kijakazi alitoa mlio kama mtu aliyeungua na pasi.

"Kijakazi, sukuma lile kabati," Asmahani alisema. "Baba amelificha, najua. Baba hawezi kulifuta."

Kabati likakwaruza. Mwanamkasi alikisogelea kilua kile cha chokaani, akakifuta vumbi. Alipozungumza, sauti ilikuwa imezeeka.

"Mkono wako huu."

"Mkono wangu."

"Chumbani mwa kulala mwa mzungu. Uweso akilisikia hili—"

"Uweso alijua tangu mwanzo."

"Nini?"

"Aliyenileta ni yeye, mama. Ndiye aliyekuwa na ufunguo. Memsahibu hakukiokota kile kibao rafuni kwa bahati. Mimi nilimchorea ua hapa ukutani, nikamwambia lipo kwa baba, aende akalichague. Niliuza ua langu."

"Uliuza! Kwa nini, mtoto mwenye laana? Ulikosa nini kwangu?"

Asmahani hakumtazama mama mkwe wake. Alitazama chini ya pazia, kwenye makubadhi ya baba yake.

"Siku ile niliyochora, kibanda cha baba kilikwisha kutiwa alama ya kuvunjwa, na Memsahibu aliahidi kukisemea kwa Bwana Shauri. Baba hakuambiwa. Mwulize kama amepata kujiuliza kwa nini vibanda vyote vya safu ile vimevunjwa, chake kingali kimesimama."

Sadalla aliliachia pazia. Alikuwa amejisifu mitaani! Alikuwa amesema kibanda kimeponywa na ufundi wake!

Mwanamkasi alikaa juu ya kitanda cha Memsahibu, yeye ambaye hakai kiti cha mtu bila kukaribishwa.

"Mwiteni Uweso," alisema. "Anitamkie mwenyewe, baba mtu asikie. Akikiri, leo ama huyu atatoka nyumbani kwangu, ama mimi."

Hapakuwa na haja ya kuita. Nyuma ya Sadalla, pale barazani, mtu alikohoa. Uweso alikuwa amesimama, kofia ya udereva imebanwa kifuani, kola nyeupe imefungwa mpaka kooni. Hakumsalimu mkwewe. Hakumtazama. Alipita ubavuni mwake, akalisukuma pazia kwa bega akaingia, na bega la nguo yake nyeupe likatoka na mkonge mweusi, mzima, kama mali iliyotiwa chapa.

"Mama, usisimame," alisema. "Na wewe baba, ingia, usikilizie nje kama mgeni."

Asmahani alianza kutikisa kichwa. "Uweso, usiseme! Uliniapia!"

"Nitasema. Kibanda kile hakikuponywa na ua peke yake."

Lililobaki, msomaji wangu, tukutane Jumamosi ijayo.